Ng'ombe kilo 320, nyama kilo 98: baba mkwe ananiuliza nyingine nimempa nani

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia usiku watu wamelala, kwa sababu mchana nyumba hii haina kona isiyo na masikio. Mimi ni mke wa mtoto wa kwanza katika familia ya wafugaji wa ng'ombe na mbuzi. Zamani mifugo yetu ilikuwa ikinunuliwa hai na madalali. Huu ni mwaka wa tatu tumeachana nao. Tunapeleka wanyama wetu machinjioni, mkaguzi anapiga mhuri, kisha nyama tunawauzia wenyewe majirani na watu wa karibu. Wazo lilikuwa langu. Mume wangu anashughulika na malisho, shemeji yangu anakata, na mimi napokea oda kwa simu, napima, nafunga, nashika pesa na kuandika daftari. Baba mkwe ndiye mwenye mali na mwenye neno la mwisho.

Mwezi uliopita tulichinja ng'ombe. Jioni ya kuamkia kuchinjwa, alipotoka malishoni, baba alisimama mwenyewe kwenye mizani ya mifugo, ikasoma kilo 320. Tulipomaliza kuuza akaniita nimsomee daftari. Nikamsomea: nyama isiyo na mfupa, pamoja na ya kusaga, kilo 98. Mifupa ya supu huwa naiuza kwa mafungu, siipimi. Akanyamaza, akatoa simu, akapiga hesabu, akanigeuzia kioo nione: 222. Akaniuliza mbele ya mawifi zangu wawili, "Mwanangu, hizi kilo 222 umempa nani?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamwambia kuna ngozi, kuna kichwa, kuna matumbo. Akasema, "Ngozi gani ya kilo mia mbili?" Mawifi wakacheka. Tangu siku hiyo wifi mdogo anawekwa karibu yangu kila ninapopima. Haandiki, hashiki mfuko, ananitazama mikono tu. Mume wangu anasema nivumilie, baba ni mtu mzima, yatapita.

Sikufichi. Nyama ya nyumbani hatuipimi. Maini, figo na moyo ni vya baba, hilo halina mjadala. Shemeji akimaliza kukata huchukua kipande chake, mwenyewe anakiita "ya kisu". Mawifi wakija kutusalimia hawaondoki mikono mitupu. Nami, mara mojamoja, nimempelekea mama yangu kilo moja au mbili. Lakini hizo si kilo 222!

Wateja nao wana yao. Wote wanataka steki na sarara. Shingo, kidari na miguu vinalala kwenye friza hadi natamani kuvigawa. Wengine wanakopa, na kwa kuwa ni majirani naona haya kudai.

Halafu kuna hili linalonikosesha usingizi zaidi. Tuna oda ya sherehe ya Jumamosi ijayo, na baba ameshachagua fahali. Fahali huyo alivimba mguu akachomwa sindano. Nimeisoma chupa: asichinjwe mpaka zipite siku 28. Jumamosi itakuwa siku ya 11. Baba anasema mnyama amepona, anakula, dawa imeshatoka na mkojo, na kwamba niache kuwatisha watu kwa maandishi ya chupa. Nikikataa, wataona nalipiza kisasi kwa ya kilo.

Nafikiria kuondoka nifungue bucha yangu. Namba waliyonayo wateja ni yangu. Nifanyeje, Shangazi?

Mke wa Mwana Mkubwa

*

Marahaba, mwanangu.

Naanza na fahali, maana kilo zinaweza kusubiri na Jumamosi haisubiri. Asichinjwe. Mnyama kupona na dawa kuisha mwilini ni mambo mawili, na la kwanza hutangulia la pili kwa siku nyingi. Ndiyo maana siku 28 zimeandikwa pale: ni muda uliopimwa hadi dawa ile ishuke mwilini kwa kiasi kisichomdhuru mlaji. Hesabu yake inaanzia sindano ya mwisho, kwa hiyo kama alichomwa mara tatu, hakikisha hizo siku 11 zako hujazianzia ile ya kwanza. Moto wa jikoni hauimalizi dawa kwa uhakika. Sehemu ilipoingia sindano ndiyo hubaki na dawa nyingi kuliko kwingine, na sindano za ng'ombe mara nyingi huingia kwenye shingo au paja, yaani kwenye nyama ya kuuza. Tena kama dawa hiyo ni ya jamii ya penisilini, katika sherehe ya watu wengi anaweza kuwapo mmoja ambaye humvimbisha uso na kumbana pumzi. Na hao wengine wasiodhurika siku hiyo, wakiendelea kulishwa dawa kidogokidogo vijidudu vinaweza kuizoea, na siku wakiugua kweli sindano huenda isiwasaidie.

Mtu atakwambia mkaguzi atapiga mhuri. Atapiga. Jicho na kisu cha mkaguzi huona malengelenge ya tegu kwenye nyama, vinundu vya kifua kikuu, ini lililoliwa na minyoo. Dawa haionekani kwa jicho. Anayejua kuna sindano kwenye fahali huyu ni ninyi, basi.

Kuhusu namna ya kulisema: usiende kwa baba mkwe na neno "nimekataa", nenda na mnyama mwingine. Mwambie, "Baba, huyu siku zake hazijatimia, naomba tumtoe yule mwingine au tuongeze mbuzi." Daktari wa mifugo aliyetoa dawa mpigie, mwombe aongee naye moja kwa moja, kwa sababu wazee wengi humsikia mtu wa nje pale ambapo mkamwana akisema ni utovu wa adabu. Akishikilia bado, hapo usitafute tena lugha laini. Mpigie mwenye sherehe umwambie mnyama hamnaye kwa tarehe hiyo, mrudishie pesa yake. Wakisema ni kisasi, waseme. Namba iliyo kwenye simu za wateja ni yako, umeniambia mwenyewe.

Na leo hiihii nunua daftari la pili, la dawa: alama ya sikio ya mnyama, jina la dawa, siku ya sindano ya mwisho, na siku anayoruhusiwa kuchinjwa. Likae zizini kwa mumeo, si kwako. Ingekuwapo karatasi hiyo, fahali asingechaguliwa.

Sasa tuje kwenye 222.

Ng'ombe aliyetoka malishoni jioni anapimwa pamoja na majani aliyokula na maji aliyokunywa. Kwa siku anaweza kunywa lita 30 au 40, na kila lita ni kilo. Angelala bila kula, asubuhi mizani ingesoma pungufu kwa kilo 10 hadi 15 bila mtu kumgusa unywele. Hapo kisu hakijatoka kwenye ala.

Akichinjwa, inatoka damu, ngozi, kichwa, miguu kutoka magotini, mapafu, ini na wenzake, kisha lile tumbo. Mtu ambaye hajawahi kulibeba tumbo la ng'ombe hawezi kuamini uzito wake. Katika kilo 100 za ng'ombe wa majani, 15 au zaidi huwa ni chakula kilichomo ndani tu, bado hujapima tumbo lenyewe. Kinachobaki kikining'inia kwenye ndoano ni nusu ya mnyama, kidogo juu au kidogo chini. Wale walionenepeshwa kwa nafaka hufika 60 kwa 100, lakini wenu wanakula majani, msiitegemee hesabu hiyo. Mbuzi wenu ndio kabisa, wengi hawafiki nusu. Basi kilo 320 zimekuwa 160.

Zikilala usiku kwenye baridi zinapoteza maji, kilo mbili kwa kila mia. Tuseme 157. Hapo shemeji anaanza kutoa mifupa, nayo katika ng'ombe wa ukubwa huo haipungui sana kilo 30. Tuiite 31. Mishipa, mafuta ya kutupa na vipande vyenye damu, 15. Kinachodondoka, kinachoganda kwenye gogo na kwenye kisu, kilo moja. Toa zote hizo kwenye 157, unabaki na 110.

Kwa hiyo kati ya zile 222, kilo 210 hazikuwahi kuwa nyama ya kuuza. Hapo baba mkwe amekuonea, tena mbele ya watu, na natamani angeisoma barua hii.

Ila 110 kutoa 98 ni 12. Hizo 12 ngozi haikuzichukua. Wewe mwenyewe umenitajia njia zilizopitia kabla sijakuuliza: ya kisu, mawifi, mama. Sikugawii nani alichukua ngapi, sikuwapo. Wala hiyo 110 usiishike kama kiapo, maana ng'ombe aliyekonda angetoa 100 na mnene angepita 115. Ninachokwambia ni kwamba ulipokuwa unajitetea kwa ngozi na matumbo ulikuwa na haki kubwa na kijishimo kidogo, na baba mkwe, bila kujua hesabu, amenusa hicho kijishimo. Wafugaji wa siku nyingi wana pua hiyo. Anajua nyama inatoka bila kuandikwa, hajui ni kiasi gani, akaona kioo cha simu akadhani amepata jibu.

Maneno hayatakusafisha, mwanangu. Ukimpelekea hesabu hii yangu kama nilivyoiandika, atauliza nani kakufundisha. Mwombe aje ashike mizani. Mwambie, "Baba, mnyama ajaye naomba upime wewe, mimi niandike." Kwake hiyo ni heshima, na kwako ni shahidi ambaye hakuna wifi atakayembishia. Apimwe alfajiri kabla ya kula na kunywa, si jioni. Mkitoka machinjioni na nusu mbili, zipimwe. Asubuhi yake, kabla shemeji hajagusa, zipimwe tena. Mwisho mpime nyama peke yake, mifupa peke yake, na ya kutupa peke yake kabla haijatupwa. Hiyo ya kutupa msiiache kwa sababu inanuka. Ndiyo itakayokutetea kuliko zote. Wifi mdogo naye mpe kalamu. Mtu akishakuwa na kazi ya kuandika hana nafasi ya kukodolea mikono ya mwenzake. Fanyeni hivyo kwa wanyama watatu, kwa sababu ng'ombe mmoja anaweza kudanganya. Baada ya hapo mtajua ng'ombe wa malisho yenu anatoa ngapi kwa 100, na namba hiyo mtaijua kuliko dalali yeyote.

Hata mizani yenyewe iangalieni. Weka juu yake kitu unachojua uzito wake, mfuko wa kilo 50 ambao haujafunguliwa unatosha, uone inasemaje. Nimewahi kupokea barua za watu walionuniana mwaka mzima, kumbe mizani ya ng'ombe na ya dukani hazisemi lugha moja.

Nyama ya nyumbani ipate kitabu. Simaanishi ikomeshwe. Familia inayofuga isipokula nyama yake inafuga kwa ajili gani? Tengeni kilo 10 za kila ng'ombe, kabla ya oda ya kwanza, ziitwe za nyumbani. Ya kisu itoke humo, salamu za mawifi zitoke humo, kila kipande na jina la aliyekichukua, maini ya baba yakiwa mstari wa kwanza kabisa. Atakuwa wa kwanza kuandikwa, hatakuwa na la kusema wengine wakiandikwa. Zikiisha zimeisha, anayetaka zaidi analipa kama jirani.

Hapo ndipo linapoingia la mama yako, nawe umeliandika kwa sauti ya chini, nimelisikia. Usisubiri ligunduliwe. Mwambie mumeo kabla ya kupima mnyama ajaye: nimempelekea mama nyama mara kadhaa, sikuandika, nakadiria kilo kadhaa, nitazilipa. Itakuuma, kwa sababu mawifi hawatalipa zao. Lakini wao hawashiki daftari. Anayeshika daftari hachukui bila kuandika, hata kilo moja, hata kama kila mtu mezani anachukua.

Na huyo mumeo yuko wapi? Barua yako nimeisoma mara mbili, nimemkuta zizini na nimemkuta akikwambia uvumilie. Mkewe ameitwa mwizi kwa mafumbo mbele ya dada zake, yeye anangoja yapite. Kupiga mizani ni kazi yenu, lakini kwenda kwa baba yake faraghani na kumwambia "swali lile ungeniuliza mimi" ni kazi yake peke yake. Usimfanyie.

Kwa wateja sitakaa sana. Ng'ombe mmoja wa namna hii ana sarara mbili, na zote pamoja ni kilo tatu hadi nne. Huwezi kuwauzia watu hamsini kitu cha kilo nne. Acha kuuza kwa kipande, uza fungu la kilo 5 lenye kila kitu: steki kidogo, kidari, shingo, ya kusaga, na mifupa juu yake. Ukitoa zile 10 za nyumbani katika 110, una mafungu 20. Sarara itoe pembeni, izungushe kwa zamu kwa wateja wa kila mwezi. Anayelalamika shingo ni ngumu mwambie shingo haikaangwi, inataka moto mdogo na saa mbili tatu za subira, na ikilainika ina ladha ambayo steki haina. Ng'ombe asiende machinjioni kabla mafungu 15 hayajalipiwa. Mkopo ufe hapo hapo. Ukimkopesha jirani sufuria na asilipe, utaikuta jikoni kwake uichukue, nyama hutaikuta. Waliokwisha kukopa, watumie ujumbe mmoja mfupi kuwa utaratibu umebadilika na oda ijayo inaanza na salio la zamani. Aibu ya kudai utaiona mara moja tu.

Kuondoka? Sikukatazi, ila usiondoke na tuhuma mgongoni. Ukifungua bucha leo, kesho yake mtaa mzima utaambiwa imefunguliwa kwa kilo 222. Tena huko utanunua ng'ombe wa watu kwa kuwatazama tu, ukikadiria wewe, na kila kilo ya tumbo lililojaa utailipia kwa bei ya nyama. Hapo nyumbani malisho mnayajua na sindano mnazijua, ukisoma chupa. Mpe hesabu muda wa wanyama watatu. Katika muda huo liweke mezani jambo ambalo barua yako haikuligusa hata kwa mstari mmoja: malipo yako. Unapokea oda, unapima, unafunga, unaandika, na sikuona popote ulipoandika kwamba unalipwa. Kinachowekwa kila ng'ombe kwa ajili yako, kwa shemeji na kwa mumeo kiandikwe kwa kiasi, hata kiwe kidogo. Shemeji akiwa na ujira wake ulioandikwa, ya kisu itapungua yenyewe. Wanyama watatu wakipita, namba ziko wazi na bado unatazamwa mikono, niandikie tena, tutazungumza juu ya bucha yako.

Kwa sasa kampigie daktari wa mifugo, kisha, baba akishikilia, mwenye sherehe. Na mama yako mpelekee nyama mwezi huu, kwenye mfuko uliopimwa mbele ya wifi mdogo, naye aandike.

Shangazi